Ami, Nilishusha Upinde

Mpendwa Ami Athmani,

Wewe na kusoma hamkuwahi kupatana. Hata ujumbe wa simu ulikuwa ukiuacha mpaka mimi au Anti Fatuma tukusomee kwa sauti, na ukichoka katikati ulikuwa ukisema, "Haya basi, nishaelewa," na hujaelewa lolote. Kwa hiyo naandika nikijua kwamba hata ungekuwapo usingefika mwisho. Naandika hivyo hivyo, kwa urefu ninaoutaka, kwa sababu juzi baba alinipigia simu kutoka Mombasa akaniambia jambo linalokuhusu, na tangu hapo natembea nalo. Nitalifikia. Kwanza nataka nikukumbushe ulivyonitesa.

Nilikuja Minnesota nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikapewa chumba cha watoto wenu ambao walikuwa wamekwisha kuhama. Wiki ya pili nikapata kazi kwenye ghala moja hapa Eagan. Ni kazi ya kutembea na kimashine mkononi, kinakuambia uchukue nini kwenye rafu gani, na ukichelewa kinalia. Kwangu hakikuwa kinalia. Mimi ni mtu wa haraka tangu tumboni. Mama anasema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Wewe ulikuwa ukiendesha gari la hoteli moja Bloomington, kazi yako kuwachukua wageni uwanja wa ndege, na nusu ya kazi hiyo ilikuwa kungoja. Ulikuwa ukirudi jioni umetulia mpaka nakuonea gere, mimi miguu yawaka moto.

Unaukumbuka ule mkasa wa kabati? Nilikuwa natafuta blanketi, nikakuta nyuma ya masanduku ya Anti kitu cheusi chenye magurudumu mawili madogo na nyaya zilizokazwa. Nikadhani ni chombo cha mazoezi ya kifua.

"Ni upinde," ukasema.

"Wa nini?"

"Wa kuwindia. Kulungu."

Nilikushika mkono, Ami. Wallahi nilidhani umeingia kwenye uhalifu. Nikakuambia kwetu mtu akikutwa na mguu wa paa jikoni, askari wa wanyamapori wanalala mlangoni kwake. Ulicheka mpaka Anti akatoka kuuliza kuna nini, ukatoa leseni mfukoni ukanionyesha jina lako. "Huku wawinda hata madaktari," ukasema. "Na mimi nataka nyama niliyoisomea Bismillah mwenyewe, si ya kuambiwa." Watoto wenu ulikuwa umewaomba miaka yote wakufuate, na jibu lao lilikuwa moja: "No thanks, Dad, it's freezing." Nikakuambia mimi nitakuja. Nilisema kwa adabu tu, kama mtu anavyosema atapita kusalimia. Wewe ukalichukua neno kwa mikono miwili.

Siku ya kwanza hukunipa upinde. Ulinipa mto wa kukalia.

Tulikwenda ng'ambo ya Woodbury, kwa Bi Linda, yule mama mjane mwenye shamba la matofaa ambalo nyumba mpya zimelizunguka pande tatu. Ulifahamiana naye garini, ukimrudisha kutoka uwanja wa ndege, akilalamika njia nzima kwamba kulungu wanamlia miti yake mpaka maganda. Ulipofika mlangoni kwake ulikuwa na ruhusa ya kuwinda na mwaliko wa kahawa. Tulisali alfajiri kando ya gari, nyasi zina umande unaouma, kisha tukapanda kwenye viti vyako viwili vilivyofungwa kwenye mti mmoja, tukajifunga mikanda, tukakaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote isipokuwa hilo. Saa nzima hakuna kitu. Saa ya pili akapita kindi. Nilijikuna, nikakohoa, nikatafuta peremende mfukoni.

"Rukia," ukaninong'oneza, "wapumua kama lori."

Tulikaa hivyo Jumamosi nne. Ya tano ndipo nilipoanza kuona. Nilianza kusikia hatua kabla ya kuona mguu, nikajua ndege yupi anapiga kelele kwa sababu yetu na yupi kwa sababu ya kitu kinachokuja. Hukunisifu. Uliniachia tu nusu ya chai ya chupa, na siku hizo nilijua ndiyo sifa yenyewe.

Kanuni zako zilikuwa chache na ulizirudia mpaka nikawa naziota. Si zaidi ya hatua ishirini. Mnyama asimame ubavu, au awe ameugeuza mwili kidogo kwenda zake. Mguu wa mbele wa upande wako lazima usogee mbele, maana hapo ndipo bega linapofunguka na mapafu yakawa wazi nyuma yake. Akikuelekea, usipige. Akitembea, usipige. Ukiona moyo wako ndio unaoharakisha, usipige kabisa.

"Na nikiwa na uhakika?" nikakuuliza.

"Uhakika wa nini? Wewe ufunguo wa gari tu hujui umeuweka wapi."

Halafu nikakuona ukizitii. Hilo ndilo lililonifunga kwako, Ami, kuliko maneno yote. Lilikuja dume ambalo pembe zake zilinikatisha pumzi, likasimama chini yetu asubuhi nyeupe kabisa. Ukavuta. Nilikuwa nakuona shavu, halitikisiki. Nikahesabu moyoni mpaka ishirini, mpaka thelathini, nikingoja sauti ya kamba. Ukaushusha upinde polepole, kamba ikarudi bila mlio, dume likala majani yake likaondoka kwa raha zake. Nilitaka kulia. Nikakuuliza kwa nini, ukanionyesha kijiti kimoja kilichokatiza mbele ya ubavu wake, chembamba kama kidole cha mtoto mchanga. Mshale ungekigusa ungepinda. Ukafungua chupa, ukamimina chai, mkono umetulia kama mtu aliyetoka kufunga duka. Sijawahi kumwona mtu akikosa kitu anachokitaka kwa heshima namna ile.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Hatukuwahi kulizungumza tena baada ya mwaka ule, kwa sababu hukutaka, lakini leo huwezi kuninyamazisha.

Ulikuwa umenifundisha kulenga shabaha kwenye ule ukumbi wa hapa Eagan, msimu mzima wa theluji. Kwa kuwa nyama ilikuwa ya kuliwa na Waislamu, ulinizoesha kusema "Bismillahi Allahu Akbar" kila mara kabla ya kuachia, hata kwa shabaha ya sponji. Wale wazee wa Kizungu waliokuwa wakilenga pembeni yetu walizoea mpaka mmoja akawa anaitikia "amen". Navuta, natulia, nasema, naachia. Mamia kwa mamia ya mishale, na sikuwahi kusema nisiachie.

Oktoba ile ukaniruhusu nikae peke yangu kwenye mti wa bondeni, wewe ukiwa juu karibu na uzio. Jua lilikuwa limeshatoka. Akaja jike mmoja, mkubwa, anatembea. Nikavuta. Akasimama ubavu vizuri kabisa, mguu mbele, kila kitu kama kwenye kitabu, nikasema Bismillah. Na nilipokuwa nasema, akageuka. Akanielekea kwa upande, bega limefunga, mguu umerudi nyuma. Niliona, Ami. Sitaki udhani sikuona. Lakini jina la Mungu lilikuwa limeshatoka mdomoni na kichwani mwangu kukawa na wazo moja tu, kwamba nimeshamtaja, siwezi kumtaja bure, nikirudi nyuma sasa nimemfanyia Mungu mchezo. Kidole kikaachia.

Sauti yake haikuwa ile uliyonielezea. Ilikuwa kama mtu amepiga gunia la unga. Akajikunja mgongo, akaenda kwa kujikokota.

Ulipokuja nilikuwa nimeshashuka, nimeshika mshale. Ulinusa ncha yake. Kulikuwa na majimaji ya kijani, na harufu. Hukuinua sauti. Uliniuliza alisimamaje, nikakuambia ukweli, ukafumba macho kidogo kama mtu aliyechomwa sindano.

"Tumbo," ukasema. "Tukimfuata sasa tutamkimbiza mbali. Tungoje."

Kungoja kule ndiko kulikonifundisha maana ya neno. Tulikaa kwenye ngazi za Bi Linda mpaka alasiri, nikijua kwamba mahali fulani kwenye vichaka vile kuna mnyama ananingoja nimalizie nilichoanza. Ulimpigia msimamizi wako simu ukamwambia kazini leo huji, na kesho pia usitegemewe. Kisha tukaingia. Damu ilikuwa tone hapa, tone pale, nyeusi, kila tone ulilifunga utepe kwenye jani. Ulitembea umeinama saa tatu. Mara mbili ulisimama ukashika mti, nikadhani unasikiliza. Giza likatukuta kwenye kijito, tukaondoka.

Asubuhi tulimpata, upande wa pili wa maji, amelala chini ya mwerezi. Usiku ulikuwa wa joto na mbweha walikuwa wametutangulia. Ulichuchumaa ukamgusa, ukanusa, ukatikisa kichwa. "Huyu hatumli." Basi. Nilianza kulia, wewe ukangoja nimalize, kisha ukaniambia nimsajili kwenye leseni yangu kama mnyama wangu wa mwaka, kwa sababu ndiye.

Nilikuwa najua kanuni yako: aliyejeruhi mnyama akampoteza, au akamharibu, msimu wake umekwisha. Nilikuwa tayari. Nilipanda garini nikakukabidhi upinde wangu, ukaufunga kwenye mfuko wake. Halafu ukachukua wako, uliokuwa bado kiti cha nyuma, ukaulegeza kamba na kuufunga pia.

"Wako wa nini, Ami? Wewe hujapiga."

"Nimekufundisha vibaya," ukasema. "Kila uliposema uliachia. Sijakufundisha hata siku moja kusema na kushusha. Kosa hilo langu, ama la nani?"

Nilikubembeleza mpaka Eagan. Nikakuambia msimu bado una miezi miwili na zaidi, na mwaka mzima umeweka likizo yako kwa ajili yake. Uliwasha kiashiria, ukapinda kona, ukasema, "Rukia, nyamaza nidrive." Nikanuna kwa niaba yako. Nilidhani ni ukaidi wa wazee.

Desemba tukaanza upya, na hapa ndipo uliponitesa kweli. Chini ya jengo letu, kwenye maegesho, kila Jumanne na Alhamisi, bila mshale hata mmoja wa kurusha. Ninavuta, natulia, nasema Bismillah, nashusha. Ninavuta, nasema, nashusha. Kushusha ni kazi kuliko kuvuta, nyaya zinataka kukung'oa bega. Nilikuuliza kama si dhambi, kumtaja Mungu kisha usifanye kitu.

"Hebu niambie," ukasema. "Wasema Bismillah, wainua kikombe, chai yakuunguza mdomo. Utainywa kwa sababu ushasema?"

"Nitaiweka chini."

"Haya. Weka chini."

Nikaweka chini, mara nyingi kuliko nilizoweza kuhesabu. Majirani walikuwa wakipita na mifuko ya maduka wakitutazama, mzee mwenye kofia ya baraghashia amekaa kwenye kiti cha plastiki na binti mwenye buibui anavuta upinde usio na mshale. Yule jirani yetu wa ghorofa ya pili alituuliza kama ni ibada. Ukamjibu ndiyo.

Kiangazi ukaanguka kazini. Nilikuwa na Anti Fatuma kwenye chumba cha kungojea hospitalini, wewe ukiwa ndani, na hapo ndipo aliponiambia. Kumbe moyo wako ulikuwa umepanuka zamani. Kumbe daktari alikueleza mwaka uliopita, Septemba, kabla ya msimu kufunguliwa, na swali lako kwake lilikuwa moja: je, ninaweza bado kuvuta upinde? Akakuambia, mwaka huu labda. Mwaka ujao sidhani.

Kwa hiyo ulijua. Pale garini, ulipoulegeza upinde wako, ulijua kwamba unaufunga msimu wako wa mwisho. Ulikuwa na wiki nyingi za kukaa kwenye mti ule unaoupenda, ukazitoa kwa sababu ya mshale wangu mimi, kisha ukazitumia kukaa kwenye kiti cha plastiki kwenye maegesho ukinitazama nikishusha. Nilitoka nje ya hospitali nikakaa kwenye ukingo wa njia. Sikujua mtu analipaje kitu kama hicho, na bado sijui.

Nilichoweza kufikiria kilikuwa maini. Ulikuwa umeshasema kwamba ukitamani kitu, ni maini ya kulungu kwa ndimu na pilipili manga, yaliyokaangwa siku hiyo hiyo. Daktari alikuwa amekukataza karibu kila kitu, lakini Anti alisema kipande cha nyama hakitakuua zaidi ya unavyokufa, na ulicheka sana. Nikajiapiza. Msimu ulipofunguliwa nilibadilisha zamu zangu zote, kila siku ya mapumziko nikawa kwenye mti wako, ule wa juu karibu na uzio. Wiki zikapita. Waliokuja walikuja mbali, au wakaja watoto wakiwafuata mama zao. Kila nikirudi nilikukuta dirishani na ile mirija ya hewa puani, umepungua kidogo kuliko nilivyokuacha. Hukuniuliza kama nimepata. Ulikuwa ukiniuliza nimeona nini.

Kisha ikaja Jumapili ile ya Novemba. Baridi imekauka, hakuna upepo. Akatokea jike, mnene wa kuelekea majira ya theluji, akaja moja kwa moja mpaka hatua kumi na nane. Nilivuta akiwa nyuma ya mti. Alipotoka alisimama ubavu. Ami, nilikuwa nimeshaona kikaango. Nilimwona Anti akikamua ndimu. Nikasema Bismillahi Allahu Akbar, kwa pumzi tu, na nikaangalia mguu.

Mguu ulikuwa nyuma. Bega limefunga. Na alikuwa ameanza kunigeukia.

Nikangoja asogee. Mikono ikaanza kutetemeka, kwanza kiwiko, kisha bega. Mdomo wangu ulikuwa umeshasema na mwili wangu wote ukataka kumalizia. Nilijua kwamba huenda asije mwingine. Nilijua umebakiwa na siku, maana Anti alikuwa ameacha kusema "akipona" tangu Ijumaa. Nikajiambia kwa pembe hiyo huenda mshale ukapenya, huenda, watu wanapiga hivyo kila siku wakapata. Akaniangalia juu mtini, masikio mbele.

Nikashusha. Polepole, kama maegeshoni. Kamba ikarudi bila mlio. Akanusa hewa, akatembea zake nyuma ya mierezi, mkia juu.

Nilirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, nikakaa chini kwenye zulia karibu na kiti chako, na sikuweza kukutazama. Nikakuambia alikuja. Ukaniambia, "Simulia." Ulitaka vyote.

"Hatua ngapi?"

"Kumi na nane."

"Upepo?"

"Hamna."

"Mguu?"

"Nyuma, Ami. Na alikuwa anageuka."

"Ulikuwa ushasema?"

"Nilikuwa nishasema."

Ile mashine ya hewa ikawa inavuma peke yake. Kisha ukamwita Anti Fatuma ukamwambia, "Mpe mtoto chakula, ametoka kazini." Ndiyo yote uliyosema. Nikala wali na mchuzi wa kuku wa dukani. Nilihisi nimekunyima. Ulilala mchana huo mapema, na siku ya tano yake ukaondoka, asubuhi, Anti akiwa ameshika mguu wako mmoja na mimi mwingine. Tulikuzika kesho yake. Baba alihudhuria kwa simu, tukamshikia juu ya kaburi ili aone.

Mwaka mzima nimekaa na hilo, Ami. Nikiwa kazini, katikati ya rafu, linanijia: ungekula. Ningeachia, pengine ungekula. Kisha najiuliza kama ingerudi siku ile ningefanyaje, na kila mara naona mguu uko nyuma na kila mara nashusha. Hainipi raha. Ningependa kukuambia kwamba nimeridhika, ila wewe hukupenda uongo wa kufarijiana. Nimekukosa vibaya sana, na maini yale nitaidai nafsi yangu mpaka nife.

Mwezi uliopita nilipata. Kwa Bi Linda, mti wako. Jike, hatua kumi na tano, ubavu, mguu mbele. Nilisema, nikaangalia tena, nikaachia. Alikimbia hatua arobaini akalala, na damu yake kwenye majani ilikuwa nyepesi yenye povu, ile ya mapafu uliyonielezea na sikuwahi kuiona. Nilipofika alikuwa ameshamaliza. Maini nilimkaangia Anti Fatuma. Alikula tonge tatu, akaweka sahani, akasema ungesema chumvi imezidi. Ilikuwa imezidi.

Basi juzi nikamsimulia baba kwa simu, nikiwa kwenye maegesho ya ghala wakati wa mapumziko. Akasema, "Hongera, mwanangu. Sasa hii ya pili."

"Ya pili vipi, Baba? Hii ndiyo ya kwanza ya sawasawa."

Akaniambia kwamba mwaka jana, Jumapili moja, ulimpigia. Huko kwao ilikuwa usiku. Sauti yako ilikuwa mbali na ulikuwa unakohoa, lakini ulikuwa na furaha mpaka akaamka kitandani akakaa. Ukamwambia, "Kaka, pokea pongezi. Binti yako leo mnyama alikuwa hatua kumi na nane, ashamtajia Mungu, na hakumpiga." Baba akakuuliza kama nilikosea shabaha. Ukasema, "Hakukosea. Alishusha." Na ukalia, Ami. Baba anasema hukulia hata mlipomzika mama yenu. Akafikiri ni dawa, zimekuchanganya. Akakuambia, haya, nimesikia, sasa kalale upumzike, akakata simu. Na mimi hakuniambia, asije akanifanya nidhani kwamba mwisho wako akili ilikutoka.

Nikamwambia baba hazikuwa dawa. Nikamweleza kuanzia kabatini mpaka Jumapili ile, na yule jike wa bondeni, na upinde uliolegezwa garini, na kiti cha plastiki. Alikuwa hajui hata moja.

"Kumbe mdogo wangu alinipigia kunipa furaha," akasema, "nami nikamwambia akalale."

Mungu akulaze pema, Ami, na akufungulie kila kilichokuwa kimefunga. Baba ameniomba nikuandikie kwa sababu yeye hawezi. Anakuomba radhi. Anasema zile pongezi amezipokea.

Binti wa kaka yako,
Rukia